Chagua risasi kwanza, rivolva baadaye

Vijana wanaojua kwamba nilivaa sare kwa miaka 19 huniuliza swali lile lile kila tunapokutana: "Mzee, rivolva ipi ndiyo yenye nguvu kuliko zote?" Rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka, na kila risasi hukaa katika chumba chake humo. Huwa nawajibu kwamba wameanzia mkiani. Nguvu imo ndani ya risasi, na chuma kinachoizunguka kazi yake ni kuistahimili. Anayetaka kuchagua vizuri aanze na risasi: ajiulize ataitumia kwa kazi gani, ataipata wapi kihalali, na mkono wake unaweza kuifyatua mara ngapi kwa siku moja kabla haujaanza kuiogopa.

Mimi nilijifunza hayo kwa aibu. Kazini nilizoea AK na bastola ya magazini, na rivolva niliijua kwa masimulizi tu ya babu yangu, aliyetumikia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, katika kambi ya Jinja na ambaye hakuchoka kueleza jinsi afisa wao Mwingereza alivyoning'iniza rivolva yake aina ya Webley kwa kamba shingoni. Nilipostaafu nilipata kazi ya kuwasindikiza wawindaji katika ranchi zinazopakana na Hifadhi ya Ziwa Mburo, na mmoja wao, mzee mpole wa Arizona, akanialika kwake kwa wiki 6. Siku ya pili alinipeleka uwanja wa shabaha, akanikabidhi rivolva ya Smith & Wesson Model 500 yenye risasi 5 ndani ya silinda. Nilivuta kifyatulio. Mtutu ulipanda juu, nikakaza mkono ili silaha isinitoke, na katika kule kukaza kidole changu kikavuta tena bila mimi kukusudia. Risasi ya pili ilienda angani juu ya tuta la udongo, na kisigino cha nyundo kikanigonga kwenye paji la uso. Mwenyeji wangu alibadilika rangi. Alijilaumu yeye, na kwa kweli kosa lilikuwa la wote wawili, kwa sababu mimi nilikuwa nimeona haya kumwambia kwamba sijawahi kushika silaha ya aina hiyo.

Kwa hiyo neno la kwanza ninalomwambia yeyote anayemfundisha mgeni wa rivolva kubwa ni hili: mtilie risasi moja tu, vyumba vingine vibaki vitupu, na ufanye hivyo hata kama mgeni huyo ni askari mwenye nishani. Kufyatuka mara mbili namna ile hutokea kwa sababu silaha inaporudi nyuma kifyatulio hupata nafasi ya kurejea mahali pake, halafu mkono unaojaribu kuidhibiti huikamata kwa nguvu pamoja na kifyatulio chenyewe. Ikiwa chumba kinachofuata ni kitupu, hakuna litakalotokea.

Sasa turudi kwenye risasi, ambazo majina yake, yanayodai kutaja upana wa kichwa kwa sehemu ya inchi, yanamchanganya kila anayeanza. Risasi ya .38 Special, iliyotokea mwaka 1898, ina kichwa, yaani kile kipande kinachotoka mtutuni, chenye upana wa inchi 0.357, sawa kabisa na cha .357 Magnum ya mwaka 1935; kile cha .44 Magnum, iliyoingia sokoni mwaka 1955 baada ya mwindaji na mwandishi Elmer Keith kuwashinikiza watengenezaji kwa miaka mingi, kwa kweli ni inchi 0.429. Jina ni desturi tu. Kilicho muhimu kwa mnunuzi ni kwamba risasi hizi hukaa kiukoo, na katika kila ukoo yupo mdogo mpole na yupo mkubwa mkali. Rivolva ya .357 Magnum hufyatua .38 Special; ya .44 Magnum hufyatua .44 Special, ambayo ganda lake, lile linalobeba baruti, ni fupi; ya .454 Casull hufyatua .45 Colt ya tangu enzi za 1873, na ya .460 Smith & Wesson hukubali .454 Casull na .45 Colt pamoja na yake mwenyewe. Kinyume chake hakiruhusiwi hata kidogo. Ganda la risasi kali lilifanywa refu makusudi ili lisiingie katika silaha ya mdogo wake, ambayo haikutengenezwa kwa mgandamizo huo.

Ukinielewa hapo umeelewa karibu ushauri wangu wote. Nunua silaha nzito ya risasi kali, kisha fanya mazoezi yako mengi kwa risasi pole ya ukoo huo huo. Mwenyeji wangu, baada ya kunifunga kitambaa kwenye paji, aliifungia Model 500 ndani ya sanduku na kunipa Ruger Super Redhawk ya .44 yenye mtutu wa inchi 7 na nusu, na kwa wiki mbili nzima sikufyatua chochote isipokuwa .44 Special. Ilikuwa kama kusukuma mlango wa mbao. Wiki ya tatu ndipo aliponichanganyia Magnum moja kati ya risasi 6 bila kuniambia iko chumba kipi.

Kuhusu ukubwa wa nguvu, linganisha na unachokijua. Risasi ya kawaida ya milimita 9, ambayo ndiyo iliyo katika bastola nyingi hapa Uganda, ina kichwa cha gramu 8 kinachotoka kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde. Kichwa cha .44 Magnum cha greini 240, yaani gramu 15 na nusu, hukaribia mita 400 kwa sekunde, na hivyo hubeba nguvu ya mara mbili na nusu. Risasi ya .500, ile ya Model 500, iliyotolewa mwaka 2003, hubeba zaidi ya mara tano, na ndiyo maana rivolva yake yenye mtutu mrefu ina uzito wa kilo 2. Uzito huo wengi huuona kama kero dukani, lakini uwanjani ndio rafiki yako wa pekee. Nimekutana na watu waliochagua .44 nyepesi yenye mtutu mfupi kwa sababu inakaa vizuri kiunoni, nao wakafyatua kisanduku kimoja, wakaiweka kabatini na hawakuigusa tena.

Na kazi yenyewe? Hapa nitasema wazi, ingawa wapo watakaonuna. Katika miaka yangu ya ranchini tulitumia bunduki ndefu, na sijaona siku ambayo rivolva ingekuwa bora kuliko hiyo. Mbele ya nyati ninataka bunduki ya .375 au zaidi mikononi mwangu. Wako Wamarekani wanaowinda kwa rivolva kwa ustadi mkubwa, lakini hao husogea karibu, huacha kufyatua kila wanapokuwa na shaka, na wamefanya mazoezi kwa miaka. Kwetu pia lipo suala la leseni, ambayo hutolewa na polisi, na suala la risasi zenyewe. Kabla hujaipenda silaha yoyote, uliza kwanza kama risasi yake inaweza kupatikana kwa njia halali mahali unapoishi. Rivolva nzuri isiyo na risasi ni nyundo ya bei ghali.

Namna ya kushika hutofautiana na ya bastola ya magazini, na kosa hapa huacha kovu. Kati ya silinda na mtutu kuna mwanya mwembamba, na kila unapofyatua gesi ya moto hutoka humo pande zote mbili kwa nguvu inayoweza kukata nyama ya kidole. Waliozoea kunyoosha dole gumba la mkono wa kushoto mbele, kama tulivyofundishwa kwa bastola, waache mazoea hayo: vidole vyote vikae nyuma ya silinda, na dole gumba moja lilale juu ya jingine. Shika mpini juu kadiri unavyoweza, ila kwa zile za mtindo wa Colt wa zamani uache mpini ujiviringishe kidogo kiganjani, kwa kuwa ndivyo ulivyochongwa.

Kisha kidole. Ukivuta kifyatulio bila kuinua nyundo kwanza, unavuta uzito wa kilo 5 hivi. Ukiinua nyundo kwa dole gumba, unabaki na kama kilo moja na nusu au mbili. Anza na hii ya pili. Kosa kubwa utakaloliona ni mkono kushtuka kabla ya mlio, ukauinamisha mtutu, na hakuna anayeamini kwamba analifanya mpaka alione. Dawa yake ni kumpa mtu mwingine akujazie silinda kwa kuchanganya risasi na maganda matupu. Nyundo ikianguka juu ya ganda tupu na mtutu ukaruka, siri yako imefichuka. Mimi nilifichuka mara 4 katika raundi ya kwanza.

Masikio yakingwe mara mbili, kwa viziba vya ndani na vifuniko vya nje, maana mlio wa silaha hizi huharibu usikivu kwa risasi moja. Ukisikia mlio hafifu kuliko kawaida, simama hapo hapo: huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu, na kinachofuata kitaupasua. Ikiwa nyundo imeanguka na hakuna mlio, elekeza mtutu kwenye tuta na uhesabu nusu dakika nzima kabla ya kufungua silinda. Jambo jingine ambalo bastola haina: risasi kali inapofyatuka, mshtuko huwavuta wenzake waliobaki silindani, na vichwa visivyobanwa vyema kwenye maganda husogea mbele hadi silinda ikagoma kuzunguka. Angalia ncha zao baada ya kila risasi mbili tatu unapotumia aina mpya.

Siku ya mwisho Arizona nilitaka kumwonyesha mwenyeji wangu risasi 6 za Magnum mfululizo. Ya kwanza ilikataa kuingia chumbani, na ya pili vilevile. Alicheka, akanikumbusha kwamba nilikuwa nimefyatua maganda mafupi kwa wiki kadhaa bila kusugua ndani ya vyumba, mbele ya pale ganda fupi linapoishia, ambako masizi na madini ya risasi hujenga pete ngumu inayozuia ganda refu. Nilikaa kivulini nikiisugua kwa brashi ya shaba, chumba kimoja kimoja, na nilipomaliza jua lilikuwa limeshazama.