Mahakama haitoi maoni

Msomaji wetu wa Morogoro anauliza: "Nimeandika kwamba mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa maoni yaliyoharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Mwenzangu anasisitiza kuwa ni Mahakama ya Juu. Nani kati yetu yuko sahihi?"

Mwenzako. Kwa Watanzania na Wakenya, Mahakama Kuu ni ile ambayo uamuzi wake bado unaweza kukatiwa rufaa, ilhali anayeshindwa mbele ya majaji tisa wa Washington hana tena pa kukimbilia. Wakenya nao, walipojipatia mahakama ya namna hiyo kwa Katiba ya 2010, waliizoea kwa jina la Mahakama ya Juu, au ya Upeo kwa wapendao madaha. Hilo limekwisha. Lililonikera ni neno ambalo wewe na mwenzako mmelipita bila hata kulitupia jicho: maoni, yaani "opinion" ya Kiingereza iliyotafsiriwa neno kwa neno, mahali palipotaka hukumu.

Neno hukumu tulilipata kwa Kiarabu pamoja na ndugu zake hakimu na mahakama. Maoni yanatokana na kuona, yaani jinsi jambo linavyomwonekea mtu. Ndiyo maana maofisini kuna sanduku la maoni, lenye kufuli iliyoshika kutu na ufunguo usiojulikana uko kwa nani. Mwananchi hutumbukiza kikaratasi chake, akaambiwa "asante kwa maoni yako", na kesho foleni ni ileile. Sasa mwone Jaji Mkuu Earl Warren, tarehe 17 Mei 1954, ameshika maandishi yaliyokubaliwa na wenzake wote wanane, naye anainama kuyatumbukiza katika sanduku hilo! Oliver Brown wa Topeka, Kansas, ambaye binti yake alinyimwa nafasi katika shule ya jirani kwa sababu ya rangi yake, hakuingia kwenye kesi ili apate maoni. Maoni alikuwa nayo mwenyewe, tena mengi.

Isitoshe, neno hili mahakamani lina wenyewe. Kwa miaka mingi, katika kesi za mauaji nchini Tanzania, wazee wa baraza, raia walioketi na jaji kusikiliza kesi, walimpa maoni yao, kisha jaji akaandika hukumu yake, na sheria haikumlazimisha kuyafuata. Karani yeyote wa mahakama alijua kipi ni kipi.

Kichekesho ni kwamba mahakama hiyohiyo ya Marekani ilipoombwa maoni hasa, ilikataa. Mwaka 1793, vita vya Ulaya vikiwa vimepamba moto, Rais George Washington alitaka kujua mikataba yake na Ufaransa ilimfunga kiasi gani, na Thomas Jefferson, waziri wake wa mambo ya nje, akawaandikia majaji kwa niaba yake. Jaji Mkuu John Jay na wenzake wakajibu, kwa adabu kubwa, kwamba hawakuona kuwa inawafaa kufanya kazi hiyo. Wewe sasa unawatwisha mzigo walioutua zaidi ya miaka 230 iliyopita.

Najua nitaambiwa kwamba Wamarekani wenyewe hutenganisha amri inayomaliza kesi na maandishi marefu yanayoieleza. Vyema, basi andika "sababu za hukumu", na pale majaji walipogawanyika andika "hukumu ya walio wengi". Kiswahili hakijaishiwa.

Mahali pamoja tu nitayavumilia maoni, nusu kwa uchovu: kwa jaji aliyezidiwa kura. Mwaka 1896, majaji saba waliporidhia sheria ya Louisiana ya kutenganisha abiria wa treni kwa rangi, John Marshall Harlan alisimama peke yake, akaandika kwamba Katiba ya Marekani haijui rangi ya mtu. Hayo yaite maoni pinzani, sina ugomvi, kwa maana hayakumfunga mtu yeyote: mshtakiwa katika kesi hiyo, Homer Plessy, alirudi mahakamani New Orleans akakiri kosa na kulipa faini ya dola 25.