Nguo nyeupe: kabla hujabandika maji, tazama doa

Mwanangu wa pili alitokwa damu puani shuleni, na shati lake jeupe likaloa kuanzia kwenye kola hadi mfukoni. Aliporudi nilibandika sufuria jikoni, maji yakachemka, nikalimiminia shati ndani ya beseni pamoja na sabuni ya unga. Tumekua tukiamini kwamba maji ya moto hutakatisha kila kitu. Nilipoliopoa, wekundu ulikuwa umegeuka kahawia na kushika kwenye uzi. Nilifikicha mpaka vidole vikachubuka. Doa lile halikutoka, na shati likaishia kuwa tambara la kupigia deki.

Damu ina protini, kama ute wa yai. Ute ukiingia kwenye maji ya moto huiva na kuganda. Damu nayo huivia ndani ya kitambaa. Maziwa, mayai na matapishi ya mtoto ni hivyo hivyo. Siku hizi nguo ya namna hiyo naiosha kwanza kwa maji ya bomba yasiyopashwa, nailoweka nusu saa, naifikicha kwa sabuni ya mche, namwaga maji na kurudia mpaka yatoke safi. Maji ya vuguvugu yanafuata baadaye. Na usisubiri Jumamosi ya kufua: doa bichi hutoka kirahisi, likikauka ni kazi nyingine.

Jasho na mafuta ya mwili ndiyo yanayotaka moto. Ule mstari wa njano kwenye kola, mashuka, taulo, fulana za pamba, vitambaa vya jikoni: hapo nyuzi 60 zinafaa, kwa sababu mafuta hulegea kwa joto. Wengi tunafua kwa mkono na hatuna kipimajoto, basi mimi napima kwa kopo. Hapa Dar es Salaam maji ya bomba ni ya uvuguvugu yenyewe, kwa hiyo kopo moja la maji yaliyochemka kwa kopo moja la bomba hukupa karibu nyuzi 60. Kopo moja la moto kwa manne ya bomba ni karibu 40. Ukiwa Njombe au Lushoto, ambako maji ni ya baridi, ongeza ya moto kidogo. Tangulia kuweka ya baridi ndipo umimine ya moto, geuza nguo kwa mwiko mrefu, na watoto wakae mbali kabisa. Nyuzi 60 zinaunguza ngozi kwa sekunde chache tu.

Kisha angalia kitambaa. Mashati mengi ya shule ni tetroni, si pamba tupu, na maji ya moto sana huyatia mikunjo ambayo hata pasi inahangaika nayo. Yatoshe 40. Kwenye lebo utaona picha ya beseni lenye namba. Namba hiyo ndiyo kikomo, usiivuke.

Jiki nayo ina wafuasi wanaoichanganya na maji ya moto. Tafadhali msifanye hivyo. Joto huivunja nguvu mapema, na mvuke wake unachoma macho na kifua. Itie kwenye maji ya baridi, dirisha likiwa wazi, na kamwe usiichanganye na siki wala dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Na kama maji yako ya kisima yana kutu, jiki itazifanya nguo ziwe za njano badala ya nyeupe. Mimi hukinga maji ya mvua kwa ajili ya kusuuzia nyeupe. Sabuni hutoka vizuri na nguo haibaki na ule ukijivu.

Kabla ya kuanika, inyanyue nguo kwenye mwanga uangalie kola na makwapa. Doa likiwa bado lipo, irudishe kwenye beseni. Usiipige pasi kwanza, maana joto la pasi litalishikisha kama maji yangu yalivyoishikisha damu ile.