Negativu ya sayanotaipu: tafuta kwanza muda wa jua

Wanaoanza kuchapa sayanotaipu, yaani picha za bluu zinazotokezwa na jua juu ya karatasi iliyopakwa dawa, huniuliza maswali yaleyale: mbona bluu imepauka, mbona mawingu yametoka meupe pee? Wengine huishia kulaumu dawa, karatasi, hata maji ya bomba. Mimi huomba kwanza kuiona negativu, ile picha iliyogeuzwa, penye mwanga pakawa peusi na penye giza peupe, ambayo jua hupita ndani yake. Mara nyingi ilitengenezwa kabla mwenyewe hajajua karatasi yake inataka jua la muda gani, na negativu ya namna hiyo ni ya kubahatisha.

Sayanotaipu ilibuniwa na John Herschel mwaka 1842, na inafanya kazi kwa mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, tena mingi. Mashine ya kukuzia picha ya chumba cha giza haiwezi kuitoa. Kwa hiyo negativu inalazwa juu ya karatasi, vikagusana, na ukubwa wa negativu ndio ukubwa wa picha. Wahandisi walinakili ramani zao hivyo kwa miaka mingi: mchoro kwenye karatasi inayopitisha mwanga ukawa ndio negativu, mistari ikatoka myeupe juu ya bluu. Ramani ina mambo mawili tu, pana mstari au hapana. Uso wa mtu una vivuli vingi vinavyopishana kidogo kidogo, na hivyo vyote vinategemea negativu.

Anza na muda, basi. Changanya dawa kwa kipimo kile cha zamani: gramu 25 za amonia feriki sitreti ya kijani katika mililita 100 za maji, gramu 10 za potasiamu ferisayanidi katika mililita 100 nyingine, kisha sawa kwa sawa. Paka karatasi, iache ikauke gizani. Chukua kipande kitupu cha plastiki ileile utakayochapia negativu, kilaze juu, halafu uanike juani huku ukifunika sehemu baada ya sehemu kwa kadibodi kila baada ya dakika moja au mbili. Osha, kausha, na usiamue siku hiyohiyo, maana bluu huendelea kukolea hewani hata siku nzima. Kesho yake tafuta mahali ambapo kuongeza dakika hakuongezi bluu tena. Muda mfupi kabisa unaofika hapo ndio muda wako. Usiubadilishe tena ili kuokoa picha fulani. Kuanzia hapo negativu ndiyo itakayoufuata muda.

Jua la kwetu ni neema, ila lina tabia zake. La saa sita mchana na la saa kumi ni vitu viwili tofauti, na wingu moja linatosha kuharibu kipimo. Nakushauri uchape saa zilezile kila siku, anga ikiwa safi. Mwenye uwezo wa taa za urujuanimno atapata utulivu zaidi.

Sasa negativu. Tumia plastiki iliyotengenezwa kwa printa ya wino, yenye upande mmoja uliopakwa tabaka la kunyonya wino. Ukigusa kwa kidole chenye unyevu, upande huo hunata kidogo. Plastiki za kujalidia vitabu zinazouzwa steshenari hazishiki wino. Utaona umejikusanya matone matone. Geuza picha iwe negativu, kisha igeuze kushoto kulia, kwa sababu upande wa wino ndio utakaogusa karatasi. Usipoigeuza, maandishi ya kibao cha duka yatasomeka kinyume.

Kabla ya picha yoyote, chapa ngazi ya toni: miraba 21, kutoka nyeupe hadi nyeusi, kila mmoja ukipishana na mwenzake kwa asilimia 5. Ichape juani kwa muda wako uleule. Ikishakauka utaona miraba kadhaa ya upande mmoja imemezwa na bluu, na pengine ya upande wa pili imepotelea kwenye weupe. Hapo ndipo unapotengeneza mkunjo wa kurekebisha toni kwenye programu ya picha, yaani mstari unaouvuta juu au chini ili kung'arisha au kukoleza kila toni, ili kila mraba upate nafasi yake. GIMP haina malipo na inatosha kabisa. Fanya marekebisho hayo kwenye faili la biti 16, lenye ngazi nyingi zaidi za toni kuliko faili la kawaida la biti 8, vinginevyo anga laini itakatika mistari mistari. Rudia kuchapa ngazi hadi ikae sawa, kisha hifadhi mkunjo huo. Ni wa printa ile, wino ule, plastiki ile na dawa ile. Ukibadilisha kimoja, pima upya.

Jicho lisikudanganye katika jambo hili. Negativu inayoonekana nzito inaweza kupitisha urujuanimno kwa wingi, na wino wa njano au wa chungwa unaoonekana mwepesi ukauzuia vizuri. Weupe usipopatikana, jaribu kuipa negativu rangi badala ya kuzidisha weusi.

Unyevu wa pwani unahitaji uangalifu wa pekee, hasa wakati wa masika. Karatasi isiyokauka sawasawa hunyonya wino, na dawa huacha madoa ya kudumu kwenye negativu. Mimi huweka plastiki nyembamba sana, angavu, katikati ya viwili hivyo. Ukiiweka, pima muda wako nayo ikiwa mahali pake.

Na kama plastiki ya printa haipatikani ulipo, chapa negativu kwenye karatasi ya kawaida ya gramu 80, kisha iyeyushie nta ya mshumaa kwa pasi ya moto mdogo hadi iwe kama kioo cha ukungu. Nta ikizidi, ifyonze kwa karatasi kavu na upige pasi tena. Mpiga picha Gustave Le Gray alitangaza negativu zake za karatasi ya nta huko Ufaransa mwaka 1851, ingawa yeye aliipaka nta kabla ya kupiga picha. Muda wa jua utakuwa mrefu zaidi, na nyuzi za karatasi zitaonekana kwenye picha. Kwa sura za wazee na kuta za mawe, mimi huzipenda nyuzi hizo kuliko ukali wa plastiki.