Kabla Hujaisifu Pembe ya Ng'ombe, Ipe Samadi Haki Yake

Wakulima wenzangu wa Ilemela, Magu na Sengerema, wengi mnaniuliza kama kilimo cha bayodinamiki kinaongeza mazao kweli. Inategemea umelinganisha nini na nini.

Njia hii ilianzia kwenye mihadhara ya mwanafalsafa Rudolf Steiner mwaka 1924. Mbali na mboji na kubadilisha mazao, ina dawa zake maalumu. Inayojulikana zaidi ni samadi ya ng'ombe inayoshindiliwa kwenye pembe, ikafukiwa msimu wote wa baridi wa Ulaya, kisha kiasi kidogo kikakorogwa kwenye maji kwa saa nzima na kunyunyizwa ardhini.

Sasa, ukiweka mboji na dawa hiyo nusu ya shamba, nusu nyingine ukaiacha bila kitu, nyanya zitastawi penye mboji na sifa itakwenda kwa pembe. Hiyo si haki. Wakara wa kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, walilima mashamba yaleyale mwaka hadi mwaka kwa samadi ya ng'ombe waliofugwa ndani na mimea jamii ya marejea, ya kurutubisha udongo, iliyopandwa kwenye uwele. Hawakuhitaji pembe.

Kwa hiyo kila tuta lipate mboji sawa, debe kwa debe. Tuta moja nyunyizia dawa, linalofuata nyunyizia maji matupu yaliyokorogwa vilevile. Yapishane hivyo kuanzia juu ya mteremko mpaka chini, maana shamba la kando ya ziwa halifanani kotekote: huku chini udongo unashika unyevu, kule juu penye mchanga karibu na majabali miche inasinyaa ikifika saa saba mchana. Kwangu tofauti hiyo pekee inatosha kumdanganya mtu.

Macho yasiamue, mizani iamue. Pima kila mchumo, na nyanya zilizotobolewa na viwavi wa kantangaze zipime kando. Anayepima asijue tuta lipi lilipata dawa. Rudia vuli na masika.

Na usipime mavuno tu. Huko Therwil, Uswisi, kwenye jaribio lililoanza 1978, matokeo ya 2002 yalionyesha mazao ya kilimo hai, bayodinamiki ikiwemo, yalikuwa pungufu kwa kama asilimia 20 kuliko ya kilimo cha kawaida, lakini mbolea iliyotumika ilipungua kwa asilimia 34 hadi 53 na udongo ulikuwa na uhai zaidi. Chimba, hesabu nyungunyungu, piga hesabu ya gharama.

Matuta yakilingana uzito msimu hadi msimu, saa ile ya kukoroga itumie kugeuza mboji.