Usimwekee bi mkubwa ruba wa majarubani

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuokota ruba, wale wanyonya damu wa majini, kwenye majaruba ya mpunga huko Magu umwekee bi mkubwa kwenye miguu iliyovimba, maana umesikia Wazungu wanawatumia hospitalini. Mimi nimekulia kwenye mpunga, na sasa ni muuguzi hapa Mwanza, kazi yangu kusafisha na kufunga vidonda. Nakuomba sana usifanye hivyo.

Ni kweli wanatumika. Marekani waliwaidhinisha rasmi mwaka 2004. Ila hawawekwi ili kutoa damu chafu. Kidole kikikatika kikashonwa tena, damu inaweza kuingia ikakosa njia ya kutoka, kwa sababu vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, ni nyembamba na kuziunga ni kazi ngumu. Kidole kinajaa, kinageuka zambarau, kinaanza kufa. Ruba anaipunguza hiyo damu kwa siku kadhaa mpaka mwili uote vishipa vipya. Mate yake yana hirudini, inayozuia damu kuganda, ndiyo maana akishashiba na kudondoka, pale alipouma panaendelea kuvuja kwa saa nyingi. Ukipafuta vizuri unaona mikato mitatu midogo inayokutana katikati.

Hao wa hospitalini wanafugwa, na kila mmoja akishatumika kwa mgonjwa anauawa. Hata hivyo tumboni wana bakteria wa Aeromonas, kwa hiyo mgonjwa hupewa antibiotiki. Sasa huyo wa jarubani hujui kamnyonya nani jana. Tena maji hayo unayoyaingia kumtafuta ndiyo yenye konokono wa kichocho.

Nimeshamhudumia mama mwenye kisukari aliyewekewa ruba kijijini. Vile vidonda vidogo vilichimbika mpaka nyama ikaonekana, na alikuja usaha umeshajaa. Sijamsahau.

Ruba akikuganda wakati wa kupandikiza, acha chumvi, ugoro na njiti ya moto, maana anaweza kutapika ndani ya jeraha. Pitisha ukucha chini ya ncha yake nyembamba, ndiko mdomo uliko, kisha umbandue upande wa pili. Osha kwa sabuni, kandamiza kwa kitambaa safi.

Turudi kwa bi mkubwa. Miguu yote miwili ikivimba, huenda ni moyo au figo, apimwe. Ukivimba mmoja tu na kigimbi kinauma, damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa. Mpeleke leo hii, usimkande wala kumchua. Tuambie ni upi, na kama anatumia dawa yoyote.