Tiba ya mvuke kwa tezi dume: kwa nini wengine walipewa ya bandia?

SWALI: Shikamoo daktari. Nasikia Marekani walipojaribu tiba ya mvuke kwa tezi dume iliyotanuka, baadhi ya wagonjwa hawakupata mvuke wowote. Huo si udanganyifu?

JIBU: Marahaba. Hapana, walielezwa mapema wakaridhia. Dalili za mkojo hupungua hata kwa matumaini tu, kwa hiyo lazima pawepo kundi la kulinganisha. Katika jaribio la Rezum, yaani tiba hiyo ya mvuke, wanaume 197 waligawanywa kwa bahati nasibu: 136 walichomwa mvuke, kila mchomo sekunde 9 hivi, 61 waliingizwa tu kifaa cha kutazamia njia ya mkojo, huku sauti za mashine zikiigizwa. Baada ya miezi 3, alama za dalili (kiwango cha juu ni 35) zilishuka 11.2 kwa waliotibiwa, 4.3 kwa wenzao. Hiyo 4.3 ndiyo inayonifanya nitilie shaka jaribio lisilo na kundi la kulinganisha. Baadaye wale 61 nao waliruhusiwa kutibiwa.

Wengi hawaambiwi hili: tezi huvimba kwanza kabla ya kusinyaa, hivyo mpira wa mkojo huweza kukaa siku kadhaa, na nafuu huja baada ya wiki, si siku ileile. Saratani ichunguzwe kabla.