Kabla ya pip, chungulia kwanza ghala la Debian

Mdogo wangu unayeanza kazi ya seva hapa Kampala, nakuomba jambo moja: maktaba ya Python (msimbo uliokwisha kuandikwa ambao programu yako huutumia) ikiwa imo kwenye ghala la programu la Debian au Ubuntu, mifumo endeshi ya Linux, ichukue humo. Usikimbilie pip, kisakinishi kinachovuta maktaba za Python moja kwa moja mtandaoni, kwa kuwa tu huko kuna toleo la juzi.

Hili nililijulia Jinja. Tulimwekea mteja mfumo wa stoo, maktaba zote tukazivuta kwa pip, na orodha yetu haikutaja namba za matoleo. Mwaka wa pili diski ikafa. Nakala ya data tulikuwa nayo, msimbo pia, lakini tuliposakinisha upya zikaja maktaba mpya zisizoelewana na msimbo wetu. Siku mbili nzima karani aliandika mizigo kwa kalamu, nasi tunabahatisha toleo lipi lilikuwa likifanya kazi. Bado naona uchungu nikikumbuka daftari lile.

Debian 12 ilitoka Juni 2023 na Python 3.11. Ukiisakinisha leo au mwakani, utapata Python 3.11 ileile, na python3-psycopg2, maktaba ya kuunganisha Python na hifadhidata ya PostgreSQL, iliyojaribiwa pamoja nayo. Dosari ya usalama ikigunduliwa, watunzaji huchukua kiraka peke yake na kukishonea kwenye toleo la zamani. Ndiyo maana wageni huona namba kuukuu wakadhani seva iko wazi kwa wezi. Soma mkia wa namba hiyo: deb12u2 maana yake toleo hilo limeshasahihishwa mara ya pili ndani ya Debian 12.

Uzito wa utaratibu huu ulionekana Machi 2024, mlango wa siri ulipogunduliwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Matoleo hayo yalikuwa yameshaingia kwenye Debian ya majaribio. Waliokuwa kwenye Debian thabiti walikuwa na 5.4.1, hayakuwafikia.

Kwetu kuna faida nyingine. Ghala lote unaweza kulinakili kwenye diski ya ofisi. Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchini siku za uchaguzi, tuliandaa mashine mbili mpya kwa nakala yetu ya ndani.

Kuna wakati utahitaji kilicho kipya zaidi. Jaribu kwanza backports, sehemu ya ghala yenye matoleo mapya yaliyoandaliwa kwa Debian thabiti; ukikosa, tumia pip ndani ya venv, yaani folda ya Python iliyotengwa na mfumo, na uandike namba kamili ya kila toleo. Pip ya Debian 12 ikikataa kuandika kwenye mfumo, usiilazimishe kwa --break-system-packages. Jina lenyewe linakuambia utakachovunja.

Ukikabidhiwa seva ya Debian 12, fungua /usr/local/lib/python3.11/dist-packages. Kilichomo humo hakikuletwa na apt, kisakinishi cha Debian kinachochukua ghalani. Kitafute kila kimoja kwa amri ya apt policy. Kikiwepo ghalani, kihamishe kutoka pip kwenda apt, ukianzia kwenye mashine ya majaribio, kimoja kimoja, ukiendesha mfumo mzima kila baada ya hatua.